Korosho ya Sita

Watu wa Magomeni ya Mtwara walisema Mama Agnes amerukwa na akili, na mtu aliyechungulia dirisha la chumba kile asingekuwa na la kuwabishia. Darini zilipitishwa waya huku na huku kama wavu wa goli, na kwenye waya hizo zilining'inia korosho. Korosho mbichi, na maganda yake, kila moja kwenye mshipi wake wa kuvulia: hii juu karibu na dari, ile chini karibu na sakafu, nyingine katikati, na zote zimeunganishwa moja hadi nyingine kwa uzi mweusi wa kushonea. Upepo ukiingia zilicheza zote. Mtaa ukasema ni dawa. Wengine walidai zimetoka kwa mganga wa Newala, wengine wakadai ni zindiko la kumlinda yule mtoto mdogo aliyebaki.

Lingekuwa zindiko ingekuwa nafuu, maana zindiko lina mtu anayeliamini.

Esta, kwa kuwa hilo ndilo jina lake kabla mtaa haujampa la mwanawe, alikuwa mwalimu wa hesabu na kemia katika shule moja ya sekondari mjini Mtwara. Yeye na mumewe Paulo, karani wa bandari, walikuwa watu wa Musoma, wakahamishiwa kusini jinsi serikali inavyohamisha watu wake, wakapazoea. Mwezi wa Aprili mwaka sabini na nne binti yao Agnes alifariki. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake zikikosa hewa hujikunja kama mundu na kuziba mishipa, na mwenye nao huililia mifupa yake tangu utotoni. Siku ya mazishi Esta alikuwa na mimba ya miezi minne. Hakulia. Wanawake walimzunguka, wakamwimbia, wakakianzisha kilio huku na huku ili naye akidakie, lakini alikaa katikati yao ametulia kama mtu anayengoja zamu yake ofisini. Septemba akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mathayo. Hapo pia hakulia, wala hakucheka.

Akina mama wa kanisani wakamsifu kwamba ana moyo wa ujasiri. Watu wema wale, ila walikosea. Ile ilikuwa ganzi, na ganzi na ujasiri havijuani hata kwa sura.

Desemba mhadhiri wake wa zamani wa Dar es Salaam, aliyesikia msiba kwa kuchelewa, alimtumia bahasha nene. Ndani kulikuwa na taarifa ya wataalamu wa ng'ambo waliochunguza kwa eksrei umbo la himoglobini, ile protini inayobeba hewa ndani ya damu, na nyuma ya taarifa zilifuata kurasa za namba tupu. Himoglobini, kwa maneno ya taarifa hiyo, ni minyororo minne iliyokumbatiana, na kila mnyororo ni punje zilizofuatana kama shanga, zaidi ya mia moja na arobaini. Kwa kila punje wataalamu walitoa namba tatu: iko mbali kiasi gani kwenda kulia, kiasi gani kwenda mbele, na kiasi gani kwenda juu. Mwenye namba hizo tatu na subira anaweza kuijenga protini chumbani kwake. Na tofauti kati ya damu ya mtu mzima wa afya na damu ya mwenye selimundu ni punje moja tu, ya sita katika mnyororo wa pili. Nyingine zote ni zilezile.

Esta aliisoma sentensi hiyo akiwa amesimama jikoni, uji ukaungua. Punje moja. Akataka kuiona inakaa wapi. Lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu Aprili, na Paulo, aliyekuwa amekata tamaa ya kumsikia mkewe akitaka hata chumvi mezani, aliona hiyo ni heri. Akamruhusu kuja bandarini Jumamosi mchana, ofisi zikishafungwa, atumie mashine ya kukokotoa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mlinzi wa geti alizoea kusikia inakoroma ghorofani mpaka jua linapungua, akawa anasema mke wa Paulo anasaga mahindi ya serikali.

Kazi ilikuwa kubwa kwa sababu himoglobini haikai tuli. Ikibeba hewa ina umbo moja, ikiiachia ina umbo jingine: nusu yake moja hujizungusha kidogo juu ya nusu nyingine, kama mtu anayegeuza bega usingizini. Ndipo punje ya sita, ile iliyobadilika, inapojipenyeza kwenye kishimo fulani cha himoglobini ya jirani na kung'ang'ania. Ya jirani nayo inang'ang'ania nyingine, na nyingine tena, mpaka zinakuwa fito ngumu ndani ya chembe, na chembe inapinda. Lakini kishimo hicho ni kipi hasa? Kila mtaalamu alikuwa na lake. Esta aliamua kukitafuta. Alichukua kitabu cha logi alichowafundishia wanafunzi wake, akazizungusha punje zote moja moja kwa hesabu, kutoka umbo la kwanza hadi la pili, akitafuta ni wapi ya sita ingepata pa kuingia.

Namba peke yake hazikutosha. Alitaka kitu cha kushika. Ng'ambo hujenga kwa vyuma vyembamba vilivyosimikwa kwenye ubao, lakini Mtwara ya mwaka ule vyuma vya namna hiyo ungevitafuta mpaka ukachoka. Mishipi na korosho vilijaa kila pahali. Basi akaona, kama siwezi kusimika, nitaning'iniza. Akachagua chumba kilichokuwa hakitumiki. Kilikuwa cha Agnes.

Sasa, mtu wa Musoma anajua samaki wa ziwani, sato na furu, hajui korosho. Ganda la korosho mbichi lina mafuta meusi yanayobabua ngozi kama tindikali, na kila mtoto wa kusini hulijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Esta alizitoboa kwa sindano ya moto siku nzima, mafuta yakimchuruzika vidoleni. Jirani yake Olinda ndiye aliyemkuta, vidole vimebabuka, ngozi imekuwa nyeusi na inaachia.

"Aka, Mama Agnes!" Olinda alipiga yowe. "Unaungua wewe! Husikii?"

Esta akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Sisikii," akasema, na ilikuwa kweli.

Olinda alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Alivukishwa mto pale Kitaya akiwa msichana, vita vya Msumbiji vilipoanza, akakulia upande huu, akaolewa upande huu. Mumewe alirudi vitani asionekane tena. Hakujaliwa mtoto. Alipoona mtoto wa jirani analala kitandani macho wazi bila mtu wa kumwambia neno, alimchukua akamweka pajani, na hapo pajani ndipo Mathayo alipokulia. Mama yake alimnyonyesha jinsi watu wanavyolipa kodi, kwa wakati wake na bila mapenzi, macho yakiwa kwenye jedwali la namba. Akishiba, alirudishwa kwa Olinda.

Si kwamba Esta alikuwa na roho mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye na Paulo kila mmoja aliubeba ugonjwa ule kimyakimya upande mmoja wa damu yake, bila kuumwa, na kila mtoto wao alikuwa na nafasi moja katika nne ya kuupata pande zote mbili. Hesabu hiyo aliifundisha darasani kwa chaki. Mathayo ama anao, ama hana. Kipimo kilikuwako hospitalini, tone la damu chini ya kioo, kazi ya siku moja. Esta alisema tusubiri, mtoto mchanga bado ana damu ya tumboni, kipimo kitatudanganya mpaka apite miezi sita. Hilo lilikuwa kweli. Miezi sita ikapita, akasema tusubiri tena, na hapo haikuwa elimu iliyosema. Maadamu damu ile ilikuwa haijapimwa, hakulazimika kumpenda mtoto ambaye huenda amekuja kuaga. Alilijua hilo vizuri sana, akaliacha likae.

Mwishoni mwa Juni alikipata kishimo. Ilikuwa Jumamosi, bandarini. Namba zilikubaliana, akarudi nyumbani akapima kwenye mishipi kwa rula, ikakubali: ukiuzungusha mnyororo kwa kadiri ile aliyoikokotoa, korosho ya sita, aliyoipaka wino mwekundu, inatua sawasawa kwenye mwanya kati ya misokoto miwili ya mnyororo wa jirani. Alisimama pale akiigusa. Aliigusa jioni nzima, akitoka na akiingia. Kama Agnes alikufia mahali, basi ni hapo, pa ukubwa wa korosho moja, na yeye anapafahamu. Hakusikia furaha. Alisikia tu kwamba sasa pana mahali.

Kesho yake, Jumapili ya mwisho ya Juni, Paulo aliingia chumbani humo kunyoa ndevu, kama alivyozoea, kwa sababu dirisha lake lilikuwa na mwanga mzuri na kioo chake kilitundikwa hapo. Mathayo aliingia nyuma yake akitambaa, amevaa soksi alizofumiwa na Olinda, kwa kuwa asubuhi za Juni zina baridi. Esta alikuwa anafunga uzi.

"Mama Agnes," Paulo alisema huku akijipaka povu, "Olinda anaondoka."

"Nimesikia."

"Msumbiji wamepata uhuru wao wiki hii. Ndugu zake wamemwita. Wiki ijayo kuna gari la kwenda Kilambo, na pale anavuka. Mtoto atabaki na nani?"

"Tutatafuta mtu."

"Mtu yupo. Mama yake yupo." Akasimamisha wembe. Paulo hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha. "Nimekaa kimya mwaka mzima. Nimekuletea mashine, nimekuletea waya, watu wananicheka kazini nikanyamaza. Jumatano nampeleka Mathayo kupimwa. Ukija, uje. Usipokuja nitakwenda mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na sisi kilio tunakijua."

Esta aligeuka amjibu, na macho yake yakaangukia kioo. Ndani ya kioo uso wa Paulo ulikuwa nusu povu. Chini yake Mathayo alikuwa amesimama, ameshika mshipi mmoja kwa mikono miwili, anayumba. Na nyuma yao ilikuwa protini yake.

Mle kiooni ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomfanya asahau jibu. Taarifa ilisema, na kila kitabu kilisema, kwamba misokoto ya protini huzunguka kwenda kulia, kama hesi, ile mikato ya kuzunguka ya skrubu ya kawaida. Mle kiooni ilizunguka kulia. Akageuka kuitazama yenyewe, pale ilipokuwa. Ilizunguka kushoto. Akaenda kwenye kabati, akafungua skrubu ya bawaba, akaishika kando ya msokoto mmoja, kisha mwingine. Yote ilikwenda kushoto.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kuchekesha hasa. Namba ya tatu ni umbali wa kwenda juu. Wenzake wa ng'ambo husimika vyuma, kwa hiyo hupima kutoka ubaoni kwenda juu. Yeye alining'iniza, akapima kutoka darini kwenda chini. Kila korosho aliipima vizuri, na zote kwa pamoja zikawa zimepinduka, na kitu kikipinduliwa upande mmoja tu hakiwi kilekile tena, kinakuwa kivuli chake cha kwenye kioo. Kiatu cha kushoto hakiwi cha kulia hata ukikigeuza vipi. Mzunguko aliukokotoa kwa namba zilizo sawa, akaenda kuupima kwenye umbo lisilo sawa, na zile namba za Jumamosi alizoona zimekubaliana alizilazimisha zifuate kile alichokwisha kukiona kwenye mishipi. Kishimo alichokipata hakikuwamo katika damu ya mtu yeyote duniani.

Alingoja asikie kitu. Hasira, aibu, chochote. Hakikuja.

"Nimekosea," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imekatika.

Paulo akaweka wembe chini. Alidhani anazungumzia habari ya mtoto, uso ukamlainika, akaanza kusema hapana, mke wangu, sote tumekosea. Esta hakumsahihisha. Wakati huohuo mshipi ukakatika, Mathayo akaketi sakafuni kwa kishindo, na mkononi mwake kulikuwa na korosho yenye wino mwekundu, tayari inaelekea mdomoni. Olinda, aliyekuwa amefika mlangoni kumfuata, aliruka akamnyang'anya, akampeleka nje kumwosha mikono kwa sabuni. Alirudi akasema hakuwahi kuila.

Jumanne Esta alitoka shuleni akakuta kilio nyumbani. Mathayo alikuwa pajani kwa Olinda barazani, analia kilio kile cha kukatika pumzi, na Paulo amesimama juu yao, hajavua hata viatu vya kazini. Viganja vya mtoto vilikuwa vimevimba. Vyote viwili.

"Korosho zako!" Paulo alisema, na sasa aliipandisha sauti. "Umeona? Umeona korosho zako?"

"Ni korosho tu, Mama," Olinda alisema haraka. "Si alishika ile nyekundu juzi. Nimempaka mafuta ya nazi. Siku mbili tatu yatakuwa yamekwisha, hata sisi tulivimba hivihivi utotoni."

Na hapo, baada ya zaidi ya mwaka mzima, Esta alisikia kitu. Ilikuwa nafuu. Korosho tu! Aliikumbatia habari ile kwa mikono miwili. Kosa ni lake, vizuri, na liwe lake. Atazitoa zote leo hii, atazitupa, mtoto atapona, na kipimo kingoje. Hakuna aliyewahi kufa kwa kushika korosho.

"Ni korosho," akasema naye, na sauti yake ilikuwa na uhai kidogo, hata Paulo akamtazama.

Akauchukua mkono wa mtoto autazame. Akauweka juu ya kiganja chake, vidole vyake vimelala kando ya vidole vile vidogo, na hapo ndipo alipoona. Vidole vyake yeye, vilivyoungua Desemba na kuungua tena kila alipoongeza korosho, vilikuwa vyeusi, vimebabuka, ngozi mpya inachungulia chini ya ngozi ya zamani. Hiyo ndiyo kazi ya mafuta ya korosho. Mkono wa Mathayo haukuwa na lengelenge hata moja. Ulikuwa laini, umekaza, unang'aa, na ulikuwa wa moto.

Akainua macho kumtazama Olinda. Olinda akatazama barabarani.

"Mvue soksi," Esta alisema.

Hakuna aliyejongea. Esta akazivua mwenyewe, moja, kisha ya pili, na mtoto akapiga kelele alipoguswa. Miguu ilikuwa imeumuka kama maandazi, kulia kama kushoto, na miguu ile haikuwahi kushika korosho yoyote. Agnes alianza hivihivi. Wakati ule walisema ni mbu.

Esta akaitwaa kanga iliyokuwa begani kwa Olinda, akamnyanyua Mathayo, akamweka mgongoni, akajifunga. Alifunga vibaya, ilibidi afungue afunge tena, maana tangu mtoto huyu azaliwe mgongo wake ulikuwa haujambeba. Joto lake likampenya mpaka kifuani. Kila aliyewahi kukalia mguu ukafa ganzi anajua kwamba ganzi yenyewe haiumi. Kinachouma ni pale damu inaporudi. Ilimrudia kuanzia mgongoni, na iliuma mno, hata akashika ukuta.

"Nampeleka sasa," akasema. "Jumatano ni mbali."

Paulo akamfuata mpaka barabarani, akiwa ameshika zile soksi.

Hospitalini walichukua tone la damu kisiginoni, wakalifunika kwa kioo, wakaziba kingo hewa isiingie, wakasema lazima likae mpaka asubuhi. Mtoto alipewa dawa ya maumivu na maji ya kunywa, akalala mgongoni pale pale. Muuguzi alipendekeza mama apumzike, ampe baba mtoto. Esta alikataa. Walilala kwenye benchi.

Asubuhi tabibu, mtu wa makamo ambaye binti yake aliwahi kufundishwa na Esta, alimwita aangalie mwenyewe kwenye hadubini, mwalimu kwa heshima yake. Esta akainama, mtoto mgongoni. Chembe zenyewe zilikuwa hapo, nyembamba, zimepinda, zimechongoka ncha. Hazikufanana na korosho wala na namba. Miezi yote ile alikuwa hajawahi kuziona.

"Damu nyingine tutaituma Dar kuhakikisha," tabibu alisema, "lakini kwa hii miguu, mwalimu..."

"Najua."

"Usifanye kama wengi, ukamzika kabla hajafa. Kinachowamaliza hawa watoto ni malaria, na homa iliyocheleweshwa. Anywe maji kwa wingi, asipigwe na baridi, dawa ya malaria asikose, na homa ikigonga tu, uwe umefika hapa. Wapo wanaokua. Ninao mmoja anaendesha lori."

"Na wasiokua?"

Tabibu akafuta kioo cha hadubini yake. "Wapo," akasema. Esta alimshukuru kwa kutomdanganya.

Jumamosi, mikono ya Mathayo ikiwa imeanza kunywea, Esta aliingia chumba cha Agnes na mkasi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wangesema wahenga, na palikuwa na njia ya kuiokoa kazi ile: kukata kila mshipi na kupima upya kutoka sakafuni. Aliifikiria njia hiyo kwa utulivu. Kishimo kiko mahali fulani, mtu fulani atakipata, naye angependa siku hiyo asome habari zake. Akakata. Korosho zikaanguka kapuni moja baada ya nyingine, na ile nyekundu ilikuwa humo humo kati ya wenzake, hakuitafuta. Alipomaliza chumba kilikuwa chumba tu, chenye kitanda kifupi na dirisha.

Olinda alikuwa uani anafunga mizigo yake. Alipoliona kapu akasema chakula hakitupwi, akawasha moto katikati ya ua, akaweka debe lililotobolewa juu ya mafiga, akazimimina. Maganda yakashika moto, mafuta yakachemka na kulipuka, na moshi wake ukapanda, ule moshi mweusi mkali wa korosho unaowatoa watu nyumba ya tatu. Esta akakaa juu ya kinu upande usio na upepo, Mathayo pajani. Mtoto aligeuka mara kadhaa kumtafuta Olinda, kisha akatulia.

"Ulijua," Esta alisema.

Olinda alikuwa anakoroga kwa kijiti kirefu.

"Nilijua, Mama. Korosho nimezaliwa nazo, nitashindwa kuijua alama yake? Asubuhi ile nilimvua soksi nikaona. Nikamvisha tena." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Nilitaka uwe na siku moja. Basi. Nimeishi na wewe mwaka mzima sijawahi kukuona umepata hata siku moja."

"Ilikuwa kama dakika tano."

"Basi hizo tano."

Upepo ukageuka, moshi ukawafunika. Esta akamfunika mtoto uso kwa kanga, akamkumbatia, akahisi mbavu zake ndogo zinavyopanda na kushuka, hewa inaingia, hewa inatoka, na mle ndani himoglobini zile zote zinajigeuza bega, zinabeba, zinaachia, na kila moja ina punje isiyo yake. Huyu atalia usiku kama dada yake. Atamwuliza kwa nini mifupa inauma, kama dada yake alivyouliza. Huenda akakua, huenda asikue. Na yeye anampenda, amekwisha kumpenda, amechelewa kujizuia. Akamkumbuka Agnes alivyokuwa akikaa kwenye kinu hikihiki, miguu haifiki chini.

Machozi yakaanza kumtoka. Yalitoka mengi, bila sauti kwanza, kisha sauti ikafuata, ya chini, mbaya, kama kitu kinachoburutwa. Majirani wawili wakatokeza vichwa juu ya ua. Paulo, aliyekuwa anatoka ndani na maji ya mtoto, akawainulia mkono.

"Ni moshi," akawaambia. "Moshi wa korosho huu, unawasha macho."

"Si moshi," alisema Esta.

Paulo akaweka kikombe chini, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Si moshi, Baba Agnes. Agnes amekufa."